Kampuni ikikua nani anapata? Niliyoyaona kwenye kibanda cha uwakala

Nimekuwa wakala wa pesa za simu hapa Mwanza, upande wa Igoma, zaidi ya miaka kumi sasa, na kila nikisikia watu wanabishana kwamba kampuni kubwa zikikua na wananchi wote wanakua nazo huwa natamani wangekaa na mimi kibandani mwezi mmoja tu. Wakala hela ya mtaa mzima inapita mkononi kwake. Namwona kibarua wa kiwanda cha samaki anatoa shilingi ngapi Jumamosi, namwona mwenye duka la jumla anaweka milioni na kitu, namwona mstaafu anakuja kutoa gawio, yaani fungu la faida ya hisa zake, namwona bibi katumiwa elfu kumi na mjukuu yuko Dar anaitoa yote hapohapo na kupeleka nusu duka la dawa. Huhitaji kuuliza mtu maisha yanaendaje, unayasoma kwenye meseji.

Nianze kwa kusema ukweli kwamba utajiri umeongezeka, sitaki mtu afikiri nachukia kampuni. M-Pesa ilianza Kenya 2007, huku kwetu ikaja 2008, na kabla ya hapo hela ya kwenda kijijini ulikua unamkabidhi konda wa basi kwenye bahasha unaandika jina juu halafu unabaki unaomba Mungu. Kuna mama mmoja mteja wangu anauza dagaa, zamani ili apate mzigo ilibidi apande boti mwenyewe aende visiwani na hela kwenye kanga, siku mbili tatu genge limefungwa na watoto wako kwa jirani. Siku hizi anatuma hela kwa simu, mzigo unapakiwa kule, anaupokea Mwaloni Kirumba na hajapoteza siku hata moja ya biashara. Hiyo ni mali mpya kabisa, haikuwepo kabla. Wapo watafiti wawili, Tavneet Suri na William Jack, walichapisha 2016 kwamba Kenya hii huduma ilizitoa kaya kama 194,000 kwenye umaskini uliokithiri, yaani asilimia 2 ya kaya zote, na mimi nikimwangalia yule mama wa dagaa sina sababu ya kubisha. Swali langu liko mbele zaidi. Hiyo mali ikishapatikana inaelekea wapi, na nani anaamua?

Mimi nilianza na mtaji wa laki sita, nusu floti, yaani hela ya wakala iliyoko kwenye simu, nusu keshi. Kipindi hicho kutoka njiapanda mpaka sokoni tulikua mawakala wawili tu na foleni ilikua inasimama mpaka barabarani, komisheni ya mwezi ilikua inalipa kodi ya fremu, chakula, ada ya shule na kidogo kinabaki. Nikajua nimetoboa. Nikajiambia kampuni ikiongeza wateja na mimi naongezeka, si ndio hesabu ilivyo?

Sasa sikia ilivyokuja kuwa. Kampuni ikaongeza wateja kweli, na ili kuwafikia ikaongeza mawakala, wakaja vijana wa tisheti wanasajili kila mwenye meza na mwavuli, leo hii ukisimama mlangoni kwangu ukatupa macho unaona miavuli ya rangi zote na fremu tatu zimepakana zinafanya kitu kilekile. Kwa kampuni hilo halina hasara yoyote, mteja akitolea kwangu au kwa jirani makato ni yaleyale yanaingia kwao. Mimi foleni yangu imegawanywa mara kumi. Na huyo wakala mpya hajaigharimu kampuni karibu chochote kwasababu mtaji wa floti ni wa wakala, kodi ya fremu ni ya wakala, leseni na kodi ya mapato ni ya wakala, mlinzi wa usiku ni wa wakala. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walihesabu akaunti za pesa za simu zaidi ya milioni 50 nchi nzima kufikia mwisho wa 2023, namba kubwa hiyo, na ndani yake kuna mitaji ya watu kama sisi maelfu kwa maelfu, hela zetu ndizo zinafanya mteja akifika kibandani asiambiwe rudi kesho.

Watu wengi hawaijui hiyo habari ya floti ngoja niielezee vizuri. Asubuhi ya mwisho wa mwezi vibarua wamelipwa, wote wanataka kutoa. Kila anayetoa keshi inapungua kwenye droo na floti inaongezeka kwenye simu, ikifika saa nne droo imebaki na sarafu, simu ina hela kibao na foleni ipo. Hapo inabidi nifunge nikimbie kwa wakala mkuu au benki nibadilishe floti iwe keshi, bodaboda kwenda na kurudi, nikirudi nusu ya foleni imeshahamia kwa jirani. Jumatatu inageuka, wafanyabiashara wanakuja kuweka, floti inaisha nabaki na keshi nyingi ndani ya kibanda cha mbao na roho iko juujuu. Na hiyo ni laini moja. Mitandao ilivyoongezeka kila mmoja unataka floti yake, mteja akija na mtandao ambao huna haendi nyumbani kusubiri, anaenda kwa mwingine, kwahiyo ile laki sita ikabidi iwe milioni mbili, ikawa milioni tatu, na nyongeza sikuitoa kwenye faida maana haitoshi, nilikopa kwenye taasisi ya mikopo kwa riba ya kila mwezi. Yaani kampuni inakua kwa mkopo ambao naulipa mimi.

Mteja akitoa laki moja makato yake yanakua elfu tatu na kitu, kwangu inaingia chini ya elfu moja. Noti bandia ikipita nimeila mimi, tapeli akinipigia anajifanya ni wa makao makuu akaniibia nimeibiwa mimi, mteja akikosea namba anakuja kupiga kelele kwangu. Nimewahi kupoteza hela ya wiki nzima kwa utapeli wa namna hiyo, nikapiga huduma kwa wateja nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba usalama wa akaunti ni jukumu la wakala. Nikauliza basi na faida ni jukumu la nani, dada wa watu akanyamaza, na simlaumu, naye ameajiriwa tu.

Kuna siku tuliitwa semina na mtandao mmoja ninaoufanyia kazi, kwenye ukumbi wa hoteli, soda na bahasha ya nauli. Kijana mtanashati amesimama mbele anaonyesha grafu ukutani, miamala imepanda, mapato yamepanda, wateja wamepanda, kila kitu kinapanda kwenda kulia, na chini imeandikwa kwamba tunakua pamoja. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia mwanangu hongereni sana, naomba kwenye hiyo grafu nionyeshe mstari wa komisheni ya wakala mmoja, sio jumla ya komisheni ya mawakala wote, ya wakala mmoja, miaka mitano iliyopita na leo. Ukumbi mzima ukashangilia. Akasema, "Mama, hiyo inategemea na bidii ya wakala mwenyewe." Nikamwambia mimi nafungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafunga saa tatu usiku, hiyo bidii niiongeze kwenye saa zipi? Akacheka vizuri tu akasema atalifikisha.

Nilivyorudi nikautafuta mkataba wangu kabatini nikausoma kwa utulivu, na humo ndani kimeandikwa kwa maneno ya wazi kwamba viwango vya komisheni vinaweza kubadilishwa na kampuni wakati wowote kwa kutoa taarifa. Hakuna mahali pameandikwa kwamba makato ya wateja yakipanda na komisheni ipande. Hakuna mahali kampuni imejifunga kuhusu idadi ya mawakala kwenye mtaa mmoja. Kwahiyo yule kijana hakudanganya na kampuni haikunidhulumu kisheria, ukuaji wote ule ulipita juu yangu kwasababu hakuna karatasi iliyosema usimame kwangu.

Hapo ndipo nikaanza kuangalia kila hela inayopita kibandani kwa swali moja, hii imemfikia huyu mtu kwa njia gani.

Mfano yule mstaafu wa gawio. Ni mwalimu mstaafu, mzee wangu sana, nikimwamkia shikamoo mwalimu ananiuliza kwanza habari za watoto ndio aseme shida yake. Mwaka 2008 serikali ilivyouza asilimia 21 ya hisa za benki ya NMB kwa wananchi, hisa moja iliuzwa shilingi 600, na yeye alikua amepata hela ya kiwanja alichouza akanunua hisa elfu moja. Laki sita. Mtaji wangu uleule. Gawio la faida ya mwaka 2023 NMB walilipa shilingi 361 kwa hisa moja, kwahiyo yule mzee kabla ya kodi ya asilimia 5 alipata laki tatu na elfu sitini na moja, kwa mwaka mmoja tu, zaidi ya nusu ya hela aliyoweka, na hisa zake bado anazo na bei imepanda mara nyingi. Hajafungua mlango saa kumi na mbili na nusu, hajakimbia na bodaboda. Simwonei wivu, hela yake ni halali na aliivumilia miaka mingi. Ninachosema ni kwamba benki ilivyokua yeye alikua nayo kwasababu ana karatasi inayosema faida ikigawanywa na yeye ahesabiwe. Ila tujiulize 2008 ni Watanzania wangapi walikua na laki sita ambayo haina kazi? Mimi mwaka huo nilikua nauza maandazi. Hata leo ukiangalia hiyo benki mwenye hisa nyingi zaidi ni kampuni ya uwekezaji ya Arise ya Uholanzi, karibu asilimia 35, serikali inashika karibu 32, kinachobaki ndio cha wengine wote, na kwa hao wengine mwenye laki sita anapata kwa kiasi cha laki sita na mwenye milioni mia sita anapata kwa kiasi chake.

Dereva mmoja wa lori wa Kenya anayepitia hapa akitokea mpakani Sirari aliniambia kwao 2008 Safaricom walivyouza hisa kwa shilingi 5 za Kenya watu walikopa kuzinunua, maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara nne, halafu bei ikashuka chini ya hiyo 5. Mwenye mkopo akauza kwa hasara maana benki haisubiri, asiye na mkopo akakaa nazo, na 2021 zikapita 40. Hisa ileile na kampuni ileile, aliyepata ni yule ambaye tangu mwanzo alikua na uwezo wa kusubiri.

Kuna hela nyingine nataka niizungumzie kwasababu ndiyo iliyonifumbua macho zaidi. Hela zote za wateja zilizoko kwenye simu haziko hewani, zimewekwa kwenye akaunti za dhamana benki, na zinazaa riba. Ni hela za nani zile riba? Mwaka 2014 Tigo Pesa walikua wa kwanza nchini kuanza kuigawa kwa wateja wao na mawakala kila robo mwaka, baadae na wengine wakafuata. Nakumbuka meseji zilivyoanza kuingia, watu wanakuja kibandani wameshika simu wanauliza dada hii ni kweli au matapeli, mama ntilie kapata elfu na mia kadhaa, mimi kwasababu ya mzunguko wa floti nilipata zaidi kidogo nikanunua mfuko wa sementi. Kiasi ni kidogo, sawa. Lakini angalia ilivyotokea, hakuna mteja aliyeongeza bidii, hakuna aliyepewa semina, kulikua na msimamo tu kwamba hela ya dhamana sio ya kampuni na matunda yake yawanufaishe wenye hela. Msimamo ukawepo na hela ikafika mpaka kwa mama ntilie wa Igoma. Huo ndio mfano ninaompa kila anayeniambia kwamba mgawanyo ukilazimishwa biashara inakufa, mbona mitandao ipo na inaendelea kutangaza.

Halafu weka pembeni yake mshahara. Wateja wangu wengi ni vibarua wa viwandani, wadada wanaosimama kwenye maji ya baridi wanachuna sangara anayeenda Ulaya, nimewatolea hela miaka na miaka na kuna mmoja ambaye nilikua najua kabla hajafungua simu atatoa kiasi gani, hakibadiliki, Jumamosi hii na Jumamosi ya miaka minne nyuma. Nilidhani ni kiwanda chao tu. Kumbe amri ya kima cha chini cha mshahara sekta binafsi iliyotoka 2013 ilikaa mpaka Januari 2023 ndio ikaja mpya, karibu miaka kumi! Katikati ya hiyo miaka uchumi wetu miaka mingi ulikua unakua kwa asilimia 6 mpaka 7, Julai 2020 tukatangaziwa kwamba tumeingia nchi za kipato cha kati, na huyo dada siku hiyo kima chake kisheria ni cha 2013, wakati unga na nauli vilikua havisubiri amri ya waziri. Takwimu za serikali yenyewe zinasema umaskini wa mahitaji ya msingi ulikua asilimia 28.2 mwaka 2011/12 na 26.4 mwaka 2017/18. Miaka sita ya ukuaji wa kujivunia, umaskini umepungua kwa pointi zisizofika hata mbili. Mtu akiniambia ngoja keki ikue kwanza ndio tugawane namuuliza huyo dada asubiri mpaka lini, vidole vyake vimeshakufa ganzi.

Na serikali nayo ilivyotaka fungu lake haikwenda kwanza kwenye faida, ilikuja kwenye muamala. Julai 15, 2021 tozo ilianza, shilingi 10 mpaka 10,000 kwa kutuma na kutoa, juu ya makato ya kawaida, na wiki ya kwanza tu kibanda kikapoa, watu wakarudi kubeba hela mfukoni na kutuma kwa konda. Septemba ikapunguzwa asilimia 30, baadae ikaendelea kupunguzwa. Lakini sisi tulioishi kwa komisheni miezi ile ada za watoto zilichelewa na hakuna wa kutufidia.

Kitu kipya kinachonipa mawazo sasa hivi ni kwamba ukuaji wenyewe unaanza kutuacha kabisa. Mishahara inaingia benki inahamishiwa simu, mteja analipa dukani kwa lipa namba, anakata tiketi ya basi kwa simu, anakopa kwenye simu na kukatwa humohumo, keshi haigusi mkono wa mtu. Kwa mteja ni nafuu na ni salama, sipingi. Kwa kampuni ni faida. Ila huyo mteja aliiamini hela ya kwenye simu kwasababu miaka yote hiyo alijua akitaka noti yake wakala yupo pale kwenye kona na atampa. Imani hiyo tuliijenga sisi kwa mitaji yetu na kwa kukaa juani, na kwenye hesabu za kampuni haipo popote.

Kijana wangu wa kwanza yuko chuo anasoma biashara, huwa tunabishana. Anasema mama mwenye mtaji ndio anabeba hatari kwahiyo ndio anastahili faida. Namjibu sawa, kubali basi na mimi ni mwenye mtaji, milioni tatu zangu ziko ndani ya biashara yao, hatari ya noti bandia nabeba, ya jambazi nabeba, kwanini hatari yangu inalipwa komisheni inayopangwa na mwingine na hatari ya mwenye hisa inalipwa faida? Akasema kwasababu ndio makubaliano. Nikamwambia umejibu vizuri mwanangu, sasa makubaliano yanaandikwa na nani.

Hapa Igoma mawakala kama thelathini tumeanza kukaa pamoja. Mwanzo tulikua tunaonana maadui, unamchukulia jirani mteja unafurahi, sasa tumeona kwamba tukigombana ni kampuni inayofaidi. Tumeandika barua kupitia wakala mkuu, mambo matatu, komisheni iwekwe kama asilimia ya makato ili makato yakipanda nayo ipande yenyewe, tupewe taarifa ya miezi mitatu kabla ya kubadilisha viwango, na hasara ya utapeli unaotumia jina la kampuni tugawane nusu kwa nusu. Wakala mkuu alivyoisoma akasema ya pili inawezekana, ya tatu ngumu, ya kwanza hata msiitaje. Tumeiacha hiyohiyo ya kwanza juu kabisa na wiki ijayo tunaipeleka wenyewe ofisi ya kanda.